Mshenzi ni Nani?

Mwaka juzi nilikuwa ndani ya daladala la Mbagala, nimesimama, mkono mmoja nimeshika bomba na mwingine nimeshika simu. Mama alikuwa amepiga kutoka Ngara. Nikaongea naye Kihangaza, tena kwa sauti kubwa kidogo, maana mtandao wa kule nyumbani unakatika kama uzi mbovu. Nilipomaliza nikakuta watu wananitazama. Konda akanipima toka juu hadi chini.

"We Mrundi?"

Nikamwambia mimi Mtanzania, kwetu Ngara.

"Ngara si ndo huko huko? Toa nauli, mshenzi we."

Abiria wakacheka. Nikatoa nauli. Na nikiri hapa mbele yako, ndugu msomaji: na mimi nilicheka. Nilicheka ili yaishe, ili nionekane mtoto wa mjini anayejua utani. Usiku, chumbani kwangu, tusi lilikuwa limeshapoa, lakini kicheko changu mwenyewe kilikuwa bado kinaniuma. Nikajiuliza, hivi nimekubali kuitwa nani? Mshenzi ni nani hasa?

Basi nikaanza kulifuata neno hilo kama mtu anayefuata nyayo za mwizi wa ng'ombe. Nilianzia kwenye kamusi, nikaishia kwenye shamba la migomba la bibi yangu, si mbali na Benaco. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyakuta njiani.

Kwanza nilimwuliza rafiki yangu anayesoma Kiingereza chuoni. Nilitaka kujua Waingereza wanamwitaje mtu asiye na adabu. Akanitajia neno boor. "Asili yake?" nikauliza. Akacheka, akasema asili yake ni mkulima. Ni neno lenye undugu na boer la Kidachi, ambalo maana yake ni mkulima, basi. Akaendelea kunimwagia. Villain, yule mtu mbaya wa kwenye filamu, anatokana na neno la Kilatini la mtu anayefanya kazi kwenye shamba la bwana mkubwa. Savage ni mtu wa msituni. Pagan alianza akiwa mtu wa kijijini tu, kabla hajawa mtu asiye na dini. Na barbarian ni mtu ambaye Wagiriki wa kale hawakuelewa lugha yake. Waliisikia kama bar-bar-bar, wakampa jina kutokana na mlio huo.

Nilikaa kimya. Kumbe ndiyo hivyo! Ukichambua matusi ya Kiingereza kuhusu adabu, mengi yanakupeleka shambani, kijijini au msituni. Aliyetunga jina alikuwa amekaa mjini. Mkulima hakuulizwa. Na kosa langu ndani ya daladala lilikuwa lile lile la barbarian: nilisema maneno ambayo konda hakuyaelewa.

Lakini tusiwacheke Waingereza upesi. Nyani haoni kundule. Na sisi Waswahili tunalo letu, tena letu limesafiri mpaka likaingia kwao. Walowezi wa Kenya walilichukua neno mshenzi, wakakata kichwa chake, wakabaki na shenzi. Kwao kila kitu kibovu kilikuwa shenzi: gari shenzi, mbwa shenzi, nyumba shenzi. Hadi leo limo ndani ya kamusi za Kiingereza. Upande wa Kongo lilikuwa basenji, na kuna aina ya mbwa, wale wasiobweka, ambao wazungu waliwachukua kutoka misitu ya Kongo katika miaka ya 1930, wakawafuga Ulaya kwa jina hilo hilo la Basenji. Maana yake mbwa wa watu wa vijijini, mbwa wa washenzi. Leo mbwa huyo anauzwa kwa bei kubwa, na anayemnunua hajui kwamba ananunua mbwa na tusi kwa pamoja.

Sasa turudi pwani, maana ndiko lilikotoka. Wasafiri wa Kiarabu wa zamani, kama al-Masudi katika karne ya 10, waliwaita watu weusi wa pwani hii Zanj, na ndimo jina la Zanzibar lilimozaliwa. Wapo wataalamu wanaoliunganisha neno mshenzi na Zanj hiyo, na wapo wanaokataa. Lakini matumizi yake hayana ubishi. Katika karne ya 19, mtu wa Bagamoyo, Pangani au Unguja aliposema washenzi alimaanisha watu wa bara: wasiokuwa Waislamu, wasiovaa kanzu, wasiokaa kwenye nyumba za mawe, wasiojua Kiswahili. Kamusi za wamisionari wa wakati ule, ya Steere na ya Krapf, zimeliandika neno hilo kwa maana hiyo hiyo ya mtu asiyestaarabika wa bara.

Kinyume cha mshenzi alikuwa mwungwana, mtu aliyezaliwa huru. Baadaye, masultani wa Kiomani walipotia nguvu Unguja, likapanda daraja neno jingine: mstaarabu. Litazame vizuri neno hili tunalolisema kila siku bila kufikiri. Ndani yake yumo Mwarabu. Kustaarabika, kwa asili ya Kiarabu, ni kujifanya Mwarabu. Mwalimu anapotuambia darasani "muwe wastaarabu", anatuambia jambo zuri kwa neno lenye historia yake.

Na kulikuwa na neno la tatu ambalo lilinishtua zaidi: mjinga. Leo mjinga ni mtu asiyejua kitu. Pwani ya karne ya 19, mjinga alikuwa pia mtumwa mpya, aliyeletwa juzi kutoka bara, ambaye bado hajajua lugha wala desturi za mabwana zake. Yaani mtu amekamatwa kwao Unyamwezi au Uyao, ametembea miezi kadhaa na kongwa shingoni, anafika pwani akiwa haelewi anachoambiwa, na kosa la kutokuelewa linakuwa lake. Anaitwa mjinga! Sisi tunaendelea kuitana hivyo kwenye kijiwe, tunacheka.

Unaona sasa neno mshenzi lilikuwa na kazi gani. Halikuwa tusi la hasira tu, lilikuwa hati ya kumwuza mtu. Mwungwana haruhusiwi kuuzwa, mshenzi anaruhusiwa. Kumwita mtu mshenzi ilikuwa kusema kwamba huyu anaweza kukamatwa.

Hapo nikataka kujua neno hilo lilifikaje kwetu, kule kwenye vilima vya Ngara na Biharamulo. Jibu moja limo katika safari ya Mwingereza John Hanning Speke. Mwaka 1861 yeye na mwenzake James Grant walipita na msafara wao kutoka Tabora, wakakatiza Uzinza, wakaingia katika nchi ambayo Speke aliiandika Usui. Hiyo ndiyo nchi ya Wasubi, Biharamulo ya leo. Mtawala wake aliitwa Suwarora. Kitabu cha Speke kilichotoka mwaka 1863 kimejaa malalamiko juu yake. Eti ni mlafi, eti anadai hongo isiyokwisha: vitambaa, ushanga, waya wa shaba. Kisha Speke anavuka kwenda Karagwe, anapokelewa vizuri na Rumanika, anamsifu kwa adabu zake mpaka kalamu inakauka.

Nilipokuwa nasoma habari hizo nilijiuliza swali la kijinga la mtu wa Ngara. Hongo ya wakati ule ilikuwa nini, kama si ushuru? Leo lori la mizigo likifika mpakani Rusumo linalipa, na dereva hamwandikii kitabu ofisa wa forodha kumwita mlafi. Suwarora alikuwa na nchi, alikuwa na mpaka, na alikuwa na mgeni aliyefika na bunduki na watu wengi wa kulishwa. Akadai kilicho chake. Lakini kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwa mgeni, mwenye nyumba ndiye aliyekosa adabu.

Jambo la pili lililonivuta ni wale watu wa msafara. Wapagazi na walinzi wa Speke waliotoka Zanzibar, wengi wao waliokuwa watumwa wakaachwa huru, yeye anawaita Wangwana, waungwana. Msimamizi wao maarufu ni Sidi Mubarak Bombay. Bombay alizaliwa Uyao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akaishi utumwani miaka mingi, bwana wake alipokufa akaachwa huru, akarudi Zanzibar. Hebu fikiria mtu huyo anapoingia Biharamulo mwaka 1861. Jana yeye ndiye aliyekuwa mshenzi wa kukamatwa. Leo yeye ni mwungwana, na washenzi ni hawa anaowakuta kwenye migomba yao. Ushenzi ulikuwa kama koti la mitumba: anayelivua analitafutia mtu mwingine wa kulivaa.

Baadaye wakaja Wajerumani. Boma lao la Biharamulo bado limesimama hadi leo juu ya kilima chake. Walitawala kwa Kiswahili. Maakida na makarani wao walitumia Kiswahili, na neno mshenzi likapanda nao milimani, sasa likiwa na bunduki ya serikali nyuma yake. Lilivuka hata mipaka. Katika Kinyarwanda na Kirundi likawa umushenzi, wingi abashenzi. Watu waliokuwa wameitwa washenzi wakajifunza kuitana abashenzi wao kwa wao.

Mpaka nao una hadithi yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipofukuzwa, Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi. Bugufi, nusu ya Ngara ya leo, ilikuwa imehesabiwa kuwa nchi ya mwami wa Burundi. Ikabaki upande wa Waingereza, Tanganyika. Ndiyo maana Kihangaza changu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Yule konda wa Mbagala hakukosea sana kuhusu lugha. Alikosea kudhani kwamba lugha ndiyo mpaka.

Sasa nifike mahali ambapo hadithi hii inaniuma. Tarehe 28 Aprili 1994 mimi sikuwa nimezaliwa. Bibi yangu alikuwapo. Siku ile watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na katika muda wa saa 24 hivi walikuwa wamevuka kiasi cha 250,000. Dunia ilikuwa haijawahi kuona wakimbizi wengi hivyo wakivuka mpaka kwa siku moja. Kambi ikaota Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Zikafuata Lumasi, Musuhura na Lukole. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima.

Chini ya daraja lile lile, mto Kagera ulikuwa unashusha maiti. Walikuwa watu waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na mto uliwafikisha mpaka Ziwa Viktoria. Kabla ya kuuawa walikuwa wameshapewa jina: inyenzi, mende. Jina hilo halina undugu wa asili na shenzi, yanafanana kwa mlio tu. Lakini kazi yao ni moja. Lile la pwani lilisema huyu anaweza kuuzwa. Hili lilisema huyu anaweza kukanyagwa.

Wengi waliovuka siku ile walikuwa Wahutu waliokimbia jeshi la RPF lililokuwa linakaribia, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wameua. Wenyeji hawakuwa na njia ya kujua huyu ni nani na yule ni nani. Walichokiona ni watu wenye vumbi, vichwani mafurushi, migongoni watoto.

Nilimwuliza bibi, "Mliwaitaje?"

Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba, anamenya ndizi. Akanyamaza kidogo.

"Mwanzo tuliwaita wageni, mjukuu wangu. Tuliwapa maji, tuliwapa viazi. Baadhi walilala humu humu ndani, tulikuwa tunaruka miguu yao usiku tukienda nje. Baadaye miti ikaisha kwa kuni, ndizi zikaanza kuibwa shambani, majambazi wakaanza. Ndipo tukaanza kusema washenzi. Hata mimi nilisema."

"Na wao waliwaitaje ninyi?"

Hapo bibi akacheka mpaka kisu kikaanguka. "Wengine walitoka Kigali, mjini! Kuna mama mmoja alikuja hapa kuomba chumvi. Akatazama nyumba yangu ya nyasi, akamwambia mwenziwe kwa lugha yao kwamba hawa ni abashenzi. Alidhani sisikii! Nikamjibu kwa Kihangaza: mshenzi ndiye huyu mwenye chumvi. Alishtuka, maskini. Akakaa chini, akalia. Tukalia wote."

Yule mama alirudi mara nyingi baada ya hapo. Walilima pamoja msimu mmoja. Desemba 1996, serikali ilipowataka Wanyarwanda wote warudi kwao, aliondoka na msafara mrefu uliorudi kwenye daraja lile lile. Bibi hakumsikia tena. Sufuria ndogo aliyoiacha bado iko jikoni. Bibi hupikia uji.

Na sasa sikiliza maajabu. Mwezi Juni wa mwaka ule ule wa 1994, wiki chache tu baada ya daraja la Rusumo, huko Marekani ilitoka filamu ya katuni iitwayo The Lion King. Ndani yake kuna simba wenye ufalme, na kuna fisi wanaoishi nje ya mpaka, kwenye giza na mifupa. Kiongozi wa fisi hao ni jike, na jina lake ni Shenzi. Watoto wa dunia nzima wakajifunza neno letu. Wakajifunza kwamba Shenzi ana njaa, anakaa ng'ambo ya mpaka, na akiruhusiwa kuingia nchi itakauka. Simlaumu mtunzi wa katuni. Lakini mimi, mtoto wa Ngara, nilipoiona filamu hiyo kwenye kibanda cha video, nilishangilia simba kama wengine. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua kwamba ningeulizwa natoka wapi, ningepangwa upande wa fisi.

Ndugu msomaji, unaweza kusema hayo ni ya kale. Sivyo. Nchi hii ilikuwa na sifa kubwa ya kupokea watu. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa sababu ya wakimbizi. Lakini mwaka 1995 tulifunga mpaka wa Burundi. Na mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya magharibi, Kagera ikiwamo. Maelfu waliondolewa. Wamo walioishi hapa miaka mingi, wameoa, wamezaa, wana makaburi ya wazazi wao hapa. Wamo waliosema wao ni Watanzania na hawakuaminiwa. Sisi wa Ngara tulijifunza mwaka ule kuweka kadi ya kupigia kura mfukoni hata tukienda kisimani. Majina yanabadilika, mshenzi, mkimbizi, mhamiaji haramu, na mtu anayebeba jina ni yule yule, aliyesimama karibu na mpaka na lafudhi isiyopendeza masikio ya mjini.

Sisemi kwamba nchi isiwe na mpaka, wala kwamba majambazi wa mapori ya Biharamulo walikuwa malaika. Bibi yangu aliibiwa mbuzi, hakuibiwa na neno. Ninachosema ni hiki: mwizi aitwe mwizi, muuaji aitwe muuaji, aliyeingia bila kibali aitwe hivyo. Hayo ni majina ya vitendo, na mtu anaweza kuyajibu, anaweza kusema nilifanya au sikufanya. Lakini mshenzi huwezi kulijibu. Utajibuje kosa la kuzaliwa mahali?

Watu wa pwani wenyewe waliligundua hilo zamani. Ndio waliotuachia methali isemayo uungwana ni vitendo. Katika nchi iliyokuwa inapima watu kwa kuzaliwa, kwa kanzu na kwa nyumba ya mawe, kuna mtu aliyetazama pande zote, akasema hapana, ni vitendo. Napenda kufikiri kwamba alikuwa mjinga, kwa maana ile ya zamani.

Kwetu sisi tunaojifunza kuandika, ushauri wangu ni mdogo. Kabla hujampa mhusika wako mbaya lafudhi ya bara, kabla hujamfanya mshamba wa kuchekesha ukurasa wa kwanza na kufa ukurasa wa kumi, mwulize kwao ni wapi. Kila tusi lina nyumba lilikotoka. Ipigie hodi kwanza.

Na mimi nina deni langu. Wiki iliyopita mama alipiga tena simu nikiwa kwenye daladala, njia ile ile. Nilitaka kuikata. Kidole kilishafika. Kisha nikakumbuka bibi na chumvi yake. Nikapokea, nikaongea Kihangaza mwanzo mpaka mwisho, mvua imenyesha, maharage yameota, bibi anasalimia. Nilipomaliza, kijana aliyesimama karibu nami akaniinamia sikioni.

"Kaka," akasema taratibu, kwa lugha yetu, akiangalia pembeni asionekane, "na mimi kwetu Rulenge."

Nikamwuliza jina, kwa sauti kubwa.